Sifa za Uchunguzi wa Akiba Isiyotajwa

Uchunguzi wa malipo yaliyozidi ni huduma ambayo Wizara ya Kazi na Pensheni ya Uingereza humpa bure mtu anayepokea mafao huku ana akiba asiyoitaja. Wanaoulaani ni wengi, na wachache kati yao wamewahi kukaa kitako wakayapima mema yake.

Wema wake huanzia kwenye uthabiti. Kwa anayepokea Universal Credit, akiba isiyozidi pauni 6,000 haiguswi, na ikipita pauni 16,000 haki ya mafao hukoma. Viwango hivyo vilirithiwa kutoka mafao ya zamani, ambako vilikuwapo tangu 2006. Mkate umepanda bei, kodi za nyumba zimepanda, vyenyewe vimetulia palepale.

Katikati ya viwango hivyo ndipo ukarimu unapoonekana. Kila pauni 250 juu ya zile 6,000, hata zisipotimia, huhesabiwa kuwa zinamwingizia mwenyewe pauni 4.35 kwa mwezi, yaani karibu asilimia 21 kwa mwaka. Mwenye pauni 7,900 zilizolala kwenye akaunti isiyo na riba huhesabiwa kuwa anapata pauni 34.80 kila mwezi, nazo zikakatwa kwenye mafao yake. Benki humwona mteja mdogo. Wizara peke yake humwona mwekezaji hodari.

Uchunguzi wenyewe huanza kwa unyenyekevu. Benki hupeleka taarifa za riba kwa mamlaka ya kodi, wizara huzilinganisha na zake, na peni chache tu zaweza kuifichua akaunti ambayo mwenyewe alikwisha isahau. Hapo barua hutumwa, pengine kwa bahasha ya kaki. Bahasha ya rangi hiyo Afrika Mashariki huwa na kitu ndani. Hii huja na maswali tu.

Kisha hutakiwa taarifa za benki, mara nyingine za miaka kadhaa, nazo husomwa mstari kwa mstari. Ndugu wa damu hawajawahi kumfuatilia mtu kwa makini namna hiyo. Waswahili waishio Uingereza wana sababu ya pekee ya kuienzi hatua hii, kwa kuwa kijumbe wa upatu huonekana kwenye karatasi kama tajiri: pauni 200 kutoka kwa huyu, 200 kutoka kwa yule, zikifika 2,000 zinatoka zote siku moja. Sheria hutofautisha fedha ya mtu na ile anayowatunzia wengine, ila kazi ya kuthibitisha humwangukia mtunzaji. Hivyo daftari la mchezo, lenye tiki za kalamu nyekundu na doa la chai kwenye jalada, hupanda cheo likawa ushahidi. Kiwanja cha Kibaha nacho hakisahauliki. Mali iliyo nje ya nchi huhesabiwa, kwa kawaida kwa bei ya soko ikipunguzwa asilimia 10 kama gharama za kuuza, hata kama shemeji aliyeachiwa akilinde amekwisha kipanda mihogo.

Akiba iliyogawiwa kwa makusudi ili mtu apate mafao hupewa uzima wa aina yake: huhesabiwa kana kwamba bado ipo. Iliyolipia deni, au iliyonunulia vitu vya kiasi, huachwa ipumzike.

Penye shaka ya udanganyifu huitishwa mahojiano ya onyo, ambayo hurekodiwa. Anayehojiwa aweza kuja na wakili. Huko England na Wales huelezwa kuwa ana haki ya kunyamaza, na papo hapo kuwa ukimya wake waweza kumdhuru baadaye. Ni adabu iliyoje kuarifiwa yote mawili kwa pumzi moja. Aliyezembea tu aweza kutozwa pauni 50. Badala ya mashtaka, mwingine hupewa nafasi ya kulipa nusu ya kiasi kilichozidi, nusu isiyopungua pauni 350 wala kuzidi 5,000, juu ya deni lenyewe, na akikubali ana siku 14 za kubadili nia.

Hata huruma imo. Kwa deni la muda mrefu, kila baada ya miezi 3 akiba hupunguzwa kwenye hesabu kwa kiasi kilicholipwa kimakosa, kwa hoja kwamba mtu asingepewa mafao angekula akiba yake. Anayedaiwa hana budi kukagua kama hesabu yake imefuata kanuni hiyo, maana yaweza kulipunguza deni sana. Asiporidhika ana mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, kisha baraza la rufaa.

Katika Universal Credit, kosa likiwa la ofisi yenyewe, deni bado laweza kudaiwa kwa mpokeaji. Hukatwa kidogo kidogo kwenye mafao, bila riba. Na kwa aliyekwisha pata kazi, mwajiri aweza kuagizwa akate kwenye mshahara, akiruhusiwa kujichukulia pauni 1 kwa usumbufu kila anapokata.