Watu Wazima na Vifaru vya Plastiki

Khaa! Hebu sogeeni hapa benchini. Hivi mtu mwenye ndevu zake, mke, na watoto wanaosoma, anashindaje kibarazani kutwa nzima akiunganisha kifaru cha vita kinachoenea kiganjani? Ukipita kumsalimia anakunyooshea kidole: usipige chafya, gundi haijakauka!

Msicheke, yupo. Ni mjukuu wa jirani yetu hapa Kilosa, amekuja likizo kutoka Nottingham, Uingereza, mji yaliko makao makuu ya Games Workshop, wale wanaotengeneza majeshi ya plastiki ya mchezo wa Warhammer. Kifaru kinakuja vipande vipande. Unakata kwa koleo, unakwangua kingo kwa kisu, unagandisha minyororo, unagandisha mzinga. Halafu rangi, weee! Kwanza nyeusi ya kupuliza. Kisha kijani, tabaka jembamba, subiri ikauke, tabaka lingine. Kisha rangi ya majimaji inayotuama kwenye vifereji ilete kivuli. Mwisho brashi iliyofutwa karibu ikauke, inapapasa kingo tu zing'ae. Kikimalizika, unatamani kukipanda.

Sasa sikieni kituko chenyewe. Kimeshapendeza, jamaa anatoa kichupa kingine anakipaka kutu. Kutu, jamani! Kichupa kinachofuata: tope. Tope la dukani, limepewa jina, linauzwa kwa pauni! Lahaula. Pale Mikumi malori ya Tunduma yakisimama, vijana wanalipwa kutoa tope. Wenzetu wanalipa ili walipate. Na mto wetu Mkondoa ukifurika unatuletea tope hadi uvunguni, nani alishawahi kudaiwa?

Basi bwana, jamaa kakiweka kifaru dirishani kikauke, kaenda kula ugali. Bibi yake kapita, kaona uchafu umekaa karibu na maji ya kunywa. Kachukua stilwulu na sabuni. Kijana anarudi, anakuta plastiki ya kijivu inameremeta.

"Mjukuu wangu, walikuuzia mtumba," bibi anamwambia, "nimekusafishia."

Mtu mzima alikaa chini, mikono kichwani. Na utamgombeza nani? Bibi anangoja asante yake!

Nikamwuliza, haya, vinapiganaje hivi? Eti vinapangwa mezani, unapima hatua kwa futi kamba, unarusha dadu kujua kama kombora limempata adui. Na si utoto wa jana. Mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za vita vya sakafuni mwaka 1913. Mwaka uliofuata wakubwa wakaanza vya kweli, wala hawakurusha dadu. Vikafika mpaka hapa Kilosa. Agosti 1916 majeshi ya Mwingereza yakamtoa Mjerumani mjini, na katika vita hivyo mizigo ilikuwa vichwani mwa wapagazi, wakafa kwa maelfu. Vifaru vyenyewe vilionekana vitani mara ya kwanza 15 Septemba mwaka huohuo, kule Somme, Ufaransa. Yaani vimetukosa kwa wiki chache tu! Ndiye huyu katuletea begini.

Kakijana kamoja kasikojua kunyamaza kakachomekea: "Lakini wazee, si jana tu mmeshikana mashati kwa ajili ya drafti la visoda?" Kafukuzwe hapa. Visoda ni mambo ya heshima, na ile kingi ilikuwa halali.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Kaanza kupaka upya, tope la dukani likamwishia. Kachukua kopo, kateremka Mkondoa, kaanika udongo juani, kauchekecha kwa chujio la chai la bibi (hilo nalo lina kesi yake) kisha kachanganya na gundi. Anaapa kwamba ni bora kuliko lile la pauni. Mmeona balaa hilo? Muuza kahawa wetu ameshapanga vikopo vinne ukutani, na asubuhi hii kaninong'oneza: pauni moja ni shilingi ngapi?