Mama Mkwe, Spika na Betri ya Saa

Mama mkwe aliachwa na treni ya Dar es Salaam siku ya Alhamisi, na mwenye kosa ni mimi. Treni haikuondoka kabla ya wakati wake, wala yeye hakuchelewa kufunga mzigo. Toka saa nne asubuhi furushi lake lilikuwa mlangoni, limekazwa kwa kanga, na pembeni yake dumu la asali ya Sikonge limezibwa kwa gunzi na nailoni. Kilichomkosesha safari ni spika mbili za marehemu baba yangu.

Baba alikuwa karani wa reli hapa Tabora. Spika hizo alizinunua kwa mwalimu mgeni aliyekuwa anarudi kwao, na tangu nipate akili nimezikuta sebuleni kwetu Isevya: masanduku mawili ya mbao, kila moja kimo cha mtoto wa miaka mitatu, uso umefunikwa kitambaa cha rangi ya chai ya maziwa. Zilitengenezwa Ujerumani, kwa hiyo waya zake ziliishia kwenye plagi ambazo leo ukiziulizia dukani muuzaji anakutazama kama umeomba mkia wa samaki nchanga. Zina pini mbili: moja bapa katikati, nyingine ya mviringo pembeni. Ya mviringo ni chanya, ya bapa ni hasi. Mimi nilikuja kulijua hilo baada ya kuzikata na kuzitupa.

Kwa spika hizo baba alipiga santuri zake ndogo za mizunguko 45. Kiko Kids ya Salim Zahoro. Tabora Jazz ya Shem Karenga. Western Jazz, bendi iliyokaa Dar es Salaam lakini jina lake ikalichukua huku kwetu, kwenye lile Jimbo la Magharibi la enzi za mkoloni. Jumamosi jioni gitaa la besi lilikuwa linakufikia kwanza kwenye nyayo, kupitia sakafu, halafu ndipo masikio yanasikia. Baba alipofariki, ndugu waligawana baiskeli, cherehani na shamba la Urambo. Spika hakuna aliyezitaka. Zikaja kwangu, zikawa meza ya televisheni, na panya wakala waya.

Hapa lazima nieleze jambo la mke wangu. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, mimi Mnyamwezi, na makabila haya ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Babu zake walikaa njiani wakiwadai hongo, wakati neno hilo lilikuwa bado maana yake ni ushuru wa kupita nchi ya watu. Kwa hiyo nyumbani kwangu kila mradi wangu unalipiwa. Jumapili nilipozilaza spika mkekani na kuzifungua mgongo, alifunga kanga kiunoni, akakalia moja na kuanza kulia kilio cha mtani msibani: "Jamani, marehemu alikuwa mnene! Nani atambeba marehemu huyu? Wapagazi wamekwisha, wamebaki wasikilizaji!" Hakunyanyuka mpaka nilipotoa pesa ya migebuka, na si migebuka miwili.

Utani huo huishia mlangoni kwa mama mkwe. Kwake yeye mimi ni mkwe mwenye adabu, nainamisha kichwa, naongea taratibu. Alikuwa amekuja kumwona mjukuu, amekaa wiki tatu, na Jumapili hiyo alitazama yote kutoka kwenye kigoda chake bila kusema neno.

Amplifaya ya mtumba niliyoipata haina tundu la plagi za Kijerumani. Nyuma ina vibanio vya springi, vyekundu na vyeusi, unaminya na kuchomeka waya mtupu. Basi nikachukua koleo, nikakata plagi zote mbili, tap, tap, kama nakata kucha. Waya wa zamani ulikuwa na nyuzi mbili za kijivu zilizofanana, lakini ubavuni mwa mmoja wao kulikuwa na mchirizi mwembamba ulioinuka, unaousikia kwa ukucha kuliko kuuona kwa jicho. Ule mchirizi ndio ulikuwa lugha ya mtengenezaji: huu ndio huu, ule ndio ule. Nilikuja kuusikia siku nne baadaye, wakati watoto wameshautumia waya huo kufungia mlango wa banda la kuku.

Sasa waya mpya. Nikamhutubia mke wangu kwamba kwa habari ya nyaya amefika kwenyewe. Burton na Speke walipoingia hapa mwaka 1857, mji ukiitwa Kazeh, waya ulikuwa fedha. Masango yalipanda kutoka Zanzibar yakiwa yamesokotwa kwa mizunguko mikubwa, yakabebwa begani pamoja na merikani na shanga, na mafundi wakayageuza vitindi vya mikononi. Na shaba nyekundu yenyewe ilitoka upande wa pili, Katanga, ambako Msiri, mtoto wa Usumbwa, alikwenda kufanya biashara akaishia kuwa mtawala wa Garanganze. Mnyamwezi na shaba, nikamwambia, ni ndugu wa tumbo moja.

"Nenda basi kamnunue ndugu yako," alisema.

Nikarudi na mita kumi za waya mnene kama kidole, ngozi yake plastiki angavu, ndani unang'aa wekundu mpaka unaona raha. Bei ilikuwa nzuri kupita kiasi. Hapo ningeshtuka, sikushtuka. Nikaumenya ncha, nikaukwangua kwa kisu ili lehemu ishike vizuri. Wekundu ukatoka wote na vumbi lake. Chini yake palikuwa peupe kama sufuria. Lehemu ikateleza juu yake kama maji kwenye jani la gimbi, nikaongeza moto, ikadondoka, ikatoboa mkeka.

Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba. Waya wa namna hiyo haukatai kupitisha umeme, lakini alumini ina takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, na ukiibana kwa skrubu na kuikunja mara kadhaa, inakatika. Mke wangu alichukua uzi mmoja, akaukunja huku, akaukunja kule, ukabaki vipande viwili mkononi mwake.

"Babu zako wangekuacha Ugogo," alisema.

Mwishowe nilinunua waya wa kawaida wa taa, wa shaba, milimita 1.5, ule ule unaopita ukutani kwako. Wako watu wanaouza waya wa spika kwa bei ya mbuzi, na wako wanaonunua. Mimi nilikaa na karatasi nikapiga hesabu: mita tano kwenda na tano kurudi za waya huu zina ukinzani wa omu moja ya kumi na ushee, na spika zangu zina omu 4. Mbuzi abaki zizini. Tena nilitoboa mbao nyuma ya kila spika, nikaweka vishikizo vipya vya skrubu, chekundu na cheusi, na kwa kuwa tundu lilizidi na sanduku halitakiwi kuvuja hewa, niliziba kwa ngozi ya kandambili kuukuu na gundi. Zile waya fupi za jeki nyekundu na nyeupe, zinazotoka kwenye mashine ya santuri, nilizibadilisha pia, nikasahau uzi wake wa kutuliza, nyumba nzima ikavuma kama mzinga wa nyuki mpaka nilipoufunga.

Jumatano usiku nikapiga santuri ya kwanza. Magitaa yalilia. Sauti ilitoka. Lakini besi haikuwapo. Mwimbaji hakuonekana amesimama mahali popote. Alikuwa kama mtu anayeimba ndani ya ndoo, halafu ndoo yenyewe iko kwa jirani. Nikapandisha sauti, ikawa kelele bila uzito. Nililaumu santuri. Nililaumu amplifaya. Nililaumu panya. Mpwa wangu, aliyekuja kuomba chaja, alisikiliza dakika moja akasema, "Mjomba, tupa hizo, nunua sabufa." Nilimpa chaja aondoke.

Alhamisi mchana umeme ukakatika. Mke wangu alikuwa kazini. Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi, jua halikuonekana kabisa. Mama mkwe alikuwa ameshaswali alasiri, amevaa, amezima simu yake ili chaji imfikishe Dar es Salaam, na amekaa akiitazama saa ya ukutani. Treni ilikuwa ya saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na moja kasoro robo nimpeleke stesheni. Simu yangu ilikuwa imekufa, nimeimaliza kwa kumulika ndani ya masanduku. Na hapo, katika utulivu huo, nikakumbuka maneno ya fundi redio mmoja wa karibu na soko kuu: chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye chekundu na hasi kwenye cheusi, gusa tu usiache, halafu tazama karatasi ya spika. Ikiruka nje, sawa. Ikizama ndani, umeifunga kinyume.

Betri. Rimoti ilishanyang'anywa zake na watoto. Tochi yetu ni ya sola. Macho yangu yakapanda ukutani.

Wallahi nilikusudia kuirudisha mara moja.

"Mama, samahani," nikasema, "naomba unisaidie macho. Mimi nitagusa huku nyuma, wewe nitazamie mbele." Alisogeza kigoda, akainua kitambaa cha chai ya maziwa kwa vidole viwili kama anayemfunua bibi harusi. Nikagusa. Tk.

"Umetoka," alisema.

Tukahamia ya pili. Tk.

"Huu umeingia." Akanyamaza. "Rudia." Tk. "Umeingia, baba. Mmoja anasukuma, mwenziwe anavuta." Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu aje. "Kama wapagazi wawili wa mzegazega mmoja, wa mbele anakwenda Ujiji, wa nyuma anarudi Bagamoyo. Mzigo utafika wapi?"

Sijapata kuelezwa fizikia vizuri zaidi. Spika moja ikisukuma hewa wakati mwenziwe anaivuta, mawimbi marefu ya besi yanafutana katikati ya chumba. Tena santuri nyingi za baba ni za mono, sauti ile ile inakwenda spika zote mbili, ndiyo maana mwimbaji mzima alipotea. Dawa yake? Nilibadilisha nyaya nyuma ya spika moja, ya chekundu kwa cheusi, sekunde kumi. Tukapima tena, zote zikatoka. Mama akataka kupima yeye. Kisha akataka kupima kile kispika kidogo cha juu, nikamsihi kwamba hicho chororo, akiache. Mahali fulani katikati ya hayo honi ya treni ikalia, ndefu.

"Hiyo ya wapi?"

"Itakuwa ya mizigo, mama."

Wote wawili tukainua macho. Saa kumi na robo.

"Leo muda una baraka," alisema, akarudi kwenye spika.

Mke wangu aliingia saa kumi na mbili na mfuko wa nyanya. "Mama! Bado upo?" Mama akaonyesha ukutani kwa kidevu. Mke wangu akaitazama saa, akalitazama furushi mlangoni, kisha akanitazama mimi, mkono wa kuume, ambapo nilikuwa bado nimeishika betri. Sitaandika yaliyosemwa. Nilijitolea kumkatia mama tiketi ya basi la kesho. Alikataa, basi linampa kizunguzungu. Atangoja treni nyingine.

Umeme ulirudi saa mbili usiku. Niliweka "Dada Asha" ya Tabora Jazz, na besi ikaja, kwanza kwenye nyayo. Mama mkwe alikuwa anaujua wimbo, alikuwa akiusikia Redio Tanzania akiwa Kisarawe, na hakutuuliza chochote. Aliburuta kigoda mpaka katikati kabisa ya spika mbili, mahali ambapo mwimbaji anasimama, akaketi hapo, furushi lake miguuni. Mimi na mke wangu tukabaki mlangoni kwa jiko, upande mmoja, ambako inasikika zaidi ya kushoto. Santuri ikaisha. "Geuza," alisema. Nikageuza.

Wakati upande wa pili unapiga nilipanda stuli, nikaipachika betri kwenye saa, nikaitundika. Mshale haukusogea. Nikaigonga kidogo kwa kiganja. Mke wangu alinyoosha mkono, akaitungua, akaitoa betri, akaigeuza, akaipachika tena, ikaanza kwenda. Kisha akanikinga kiganja kitupu chini ya pua.

"Hongo," alisema.