Sifa za Kistari cha Hasi

Katika kalkulasi hakuna anayelaaniwa kama kile kistari kinachokaa mbele ya saini tunapotafuta kasi ya mabadiliko ya kosaini. Saini hubadilika kwa kasi ya kosaini, basi, hakuna makuu. Kosaini hubadilika kwa kasi ya saini hasi, na hapo ndipo alama za mtihani huyeyuka. Mwanafunzi wa kidato cha tano hukiacha, kalamu nyekundu hupita, na lawama huangukia kistari, kana kwamba ndicho kilichosahau. Mimi nasema kipewe kiti cha mbele. Kosaini ya sifuri ni 1. Ya radiani 0.1 ni 0.995. Imeshuka, na kinachoshuka kina kasi hasi. Kistari hutangaza hasara hiyo hadharani, jambo ambalo wahasibu wengi hulionea haya.

Sifa yake kubwa zaidi ni kurudisha mambo nyumbani. Tafuta kasi ya kosaini, kisha kasi ya hiyo kasi: utapata kosaini ileile, imegeuka hasi. Yaani kilichopanda mno huvutwa chini, kilichozama huinuliwa. Ndivyo bembea inavyopunga taratibu, ndivyo na umeme wa majumbani Kenya na Tanzania unavyokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kifute kistari, uone. Utabaki na kosaini ya haipabola, ambayo huanza na 1 kwenye sifuri, na kwenye 10 imeshapita 11,000, wala haina habari ya kugeuka. Nani atampandisha mwanawe bembea ya namna hiyo?

Watasema: si tubadilishe tu mwelekeo wa kosaini, kistari kipotee? Haya, ipindueni. Kosaini itatulia, lakini kistari kitahamia kwa saini. Hakifukuziki, huhama tu. Wengine watataja tanjenti, isiyo na kistari na inayoishi vizuri. Vizuri gani? Ikikaribia nyuzi 90 hupaa bila kikomo, kisha huibukia chini ya mhimili bila hata kuomba radhi. Tena mara nyingi mlalamikaji mwenyewe amepima pembe kwa nyuzi, akasahau kuzidisha kwa π/180, takriban 0.01745. Huyo jibu lake limevimba karibu mara 57. Aliyesahau kistari ukubwa wa jibu lake ni uleule, ila linaelekea kinyume, na kwa msahihishaji mwenye huruma hiyo ni nusu ya alama.