Foo-wili Iliyovutwa na Teksi

Jumamosi nilivutwa na Corolla. Gari langu ni Hilux ya foo-wili, imeinuliwa, ina matairi yenye meno ya kutisha. Iliyoitoa topeni kati ya Kabingo na Base Camp ya Nakivale ni teksi yenye bampa lililofungwa kwa waya, abiria mpaka kwenye buti. Walishuka kupunguza uzito, wakapanga mstari kutoa ushauri. Ng'ombe wa Ankole nao wakasimama, na pembe zao zile. Mama mmoja mwenye gunia la mihogo akaniuliza, "Papa, ile foo-wili uliyoisifu kanisani ni hii?"

Na nilikuwa nimetoka kuigharamia Mbarara! Ilikuja na habu za mbele za otomatiki, zile zinazojishika zenyewe shafti ikianza kuzunguka, na zinazotaka urudi nyuma kidogo ndipo ziachie. Kwa vumbi letu, zilikuwa zinashika zikijisikia. Fundi akazing'oa, akaweka za mkono: nati sita, gasketi, pete ya kuzuia shafti, kisha kifuniko chenye kitasa cha kuzungusha. Ukiweka LOCK, gurudumu na shafti vinakuwa kitu kimoja. Ukiweka FREE, gurudumu linazunguka peke yake, na shafti, difu na propela ya mbele vinapumzika badala ya kuburuzwa bure mpaka mjini. Ujanja huu ni wa zamani. Arthur Warn alianza kuuza habu za namna hii Seattle mwaka 1948, kwa Jeep zilizobaki baada ya vita. Napenda mashine inayokudai ushuke uishike.

Tabu ni kwamba mtu yeyote anaweza kuishika. Gari lililala nje, na watoto wa mtaa wetu wana vidole. Habu ya kulia ilikuwa FREE. Sasa, difu ya kawaida hupeleka mzunguko upande usiobisha. Shafti ya kulia, isiyo na gurudumu la kusukuma, ikazunguka kwa kasi maradufu. Gurudumu la kushoto, lililofungwa vizuri na kulipiwa vizuri, halikupata hata nusu duara. Taa ya foo-wili iliwaka muda wote kwa kujiamini, maana yenyewe huona giaboksi tu, habu haizijui. Aliyegundua ni kitoto kimoja cha kwenye teksi, tukiwa tumeshavutwa: "Papa, hii imeangalia huku, ile kule."

Kabla ya Corolla lilipita gari jeupe la shirika fulani, antena ndefu, viti vya nyuma vitupu. Lilipunguza mwendo lisiturushie tope, na huo ndio msaada tulioupata. Hapo sicheki. Nakivale, makazi yetu huku Uganda, inapokea wakimbizi tangu 1958, mwanzo Wanyarwanda, leo Wakongo, Warundi, Wasomali. Maharage yetu yanauzwa Mbarara, na mjamzito aliyepewa rufaa anapita tope hili hili. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kusafiri, barabara haijaisoma. Semina za kujitegemea nimehudhuria nyingi, zote wakati wa kiangazi.

Jumapili, grisi ya habu kwenye suruali nyeupe ya kwaya. Jumatatu, fundi kwa simu: shida ni dereva. Leo asubuhi nimekuta habu zote mbili ziko LOCK, sawasawa kabisa, na watoto wamesimama pembeni wanadai pipi za ufundi.