Namna ya Kuonja Uraka Kitaalamu

Wenzetu wa Ulaya wana bia nyeusi tii, nzito, inayonukia chokoleti, wanaiita stauti ya kifalme. Waingereza wa London waliipika tangu karne ya 18 kwa ajili ya ikulu ya Urusi. Hainywewi hivi hivi: huinuliwa kwenye mwanga, hunuswa, huzungushwa mdomoni, kisha mnywaji huandika insha. Sisi wa Masasi na Newala tumekuwa tukinywa tu uraka wetu wa mabibo, bila kalamu wala daftari. Msimu huu tujirekebishe.

Kwanza, jua wakati. Uraka haufichwi kwenye pipa ukazeeka. Hupatikana mikorosho inapoangusha, kuanzia Oktoba hivi, na umri wake huhesabiwa kwa saa. Asubuhi ni juisi, jioni ni pombe, kesho kutwa ni siki na ugomvi. Mtu akikusifia uraka wake wa mwaka juzi, mpe pole uondoke.

Vaa shati jeupe. Doa la bibo halitoki kwa sabuni yoyote, kwa hiyo cheti chako cha uonjaji utakivaa kifuani mpaka shati lichakae.

Ukifika kilabuni, amkia: "Shikamoo mama." Mtaalamu asiyeamkia huchotewa wa chini ya ndoo, na hapo kila atakachoandika kuhusu machicha kitakuwa kweli tupu.

Rangi usihangaike nayo. Ni njano yenye ukungu, mwanga haupenyi, na inzi wameshaikagua kabla yako. Nusa. Chokoleti hutaipata, kakao inalimwa Kyela, na huko ni mbali. Utakachopata ni bibo lililoiva likapitiliza, harufu ile ile inayokupokea ukipita kwenye mashamba ya mikorosho mwezi Novemba, madirisha ya basi yakiwa wazi.

Sasa onja. Uchungu wa stauti kwa sehemu hutokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikaungua. Wa uraka ni ukakasi, kazi ya tanini za bibo zinazokamata ulimi na kushuka nao kooni. Mtaalamu huandika hapo nusu ukurasa. Mzee aliyekaa benchi la pili husema, "Unakaba," akapokea kikombe kingine.

Ukiuona mwepesi, pima mahali ulipo. Masasi, shuku maji. Newala, usithubutu kumsingizia mama wa watu. Uwanda ule ni wa mchanga, mvua inazama na kutokea kwenye chemchemi za bondeni, na kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950 akina mama walipanda nayo genge zima kichwani. Hata leo ndoo ya maji ina bei yake. Anayechakachua uraka kwa maji Newala anajitia hasara mwenyewe.

Utauliza daraja. Korosho ndiyo yenye daraja, la kwanza na la pili. Ina stakabadhi ghalani tangu 2007, ina minada ya vyama vya ushirika, TANECU na MAMCU, na mwaka 2018 ilibebwa hadi na jeshi. Bibo, ambalo uzito wake ni mara kadhaa ya korosho inayoning'inia chini yake, na ambalo kwa vitamini C linaliacha chungwa mbali, linaoza chini ya mti. Wareno walioleta mkorosho Afrika Mashariki kutoka Brazil waliupeleka pia Goa, India. Huko pombe kali ya mabibo, feni, ililindwa jina lake kisheria mwaka 2009, na watalii wanainusa kwenye glasi ndogo. Ya kwetu, gongo, inanuswa na polisi. Hiyo mwongozo huu hauigusi: ni kosa kisheria, na methanoli haisubiri mtu amalize insha.

Kitafunio ni ming'oko ya kuchemsha au korosho za kuchoma. Jibini liache Dar es Salaam, pamoja na rafiki yako aliyekushauri ulibebe.

Alama kati ya mia usitoe, hakuna anayezisubiri. Tathmini ina swali moja tu, na anayeliuliza ni mama, kata ikiwa mkononi: "Nikuongeze?" Ukisita kidogo tu, umeshatoa alama, na kilabu kizima kimesikia.