Sifa za Upele wa Majengo

Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Hawakuwahi kulala Majengo. Huku humwota mwenye kucha ndefu, mwenye kuzipaka rangi, na hata yule anayezikata kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Kiumbe asiyebagua hivi anastahili sifa, na kwa kuwa hakuna mwanasiasa aliyejitolea, nimeichukua kazi mimi.

Ni mjenzi hodari. Hapa Majengo, Pumwani, wanawake wengi walimiliki nyumba tangu enzi za mkoloni, zile za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Upele naye hafanyi kinyume na mtaa: anayechimba ni jike. Hafiki nusu milimita, lakini hujitobolea handaki katikati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono, kiunoni, bila plani wala kibali cha kaunti, akataga mayai mawili matatu kila siku. Kodi halipi.

Adabu anayo pia. Akiingia mwilini mara ya kwanza, hukaa wiki nne hadi sita kabla mwenyeji hajaanza kujikuna. Kufikia hapo nani atakumbuka aliambukizwa na nani? Ugomvi mwingi wa majirani umeepukwa hivyo. Mwasho wenyewe huchachamaa usiku, basi nyumba yenye upele haihitaji mlinzi: saa nane za usiku wote wako macho.

Wapo wanaomsingizia kwamba huja na mitumba ya soko la Gikomba. Uchongezi mtupu! Nje ya mwili wa mtu haishi zaidi ya siku mbili tatu, na beli hukaa baharini kwa wiki kadhaa. Angekuwa maiti zamani kabla meli haijatia nanga Mombasa. Yeye hupita ngozi kwa ngozi, watoto wanne wakilala kitanda kimoja. Wapweke hana haja nao.

Vitabu vya tiba humtambulisha kwa wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri. Huonekana vipele vyeusi au vya kijivu, naye hupita akiitwa joto, mzio, au maji mabaya. Kuna wanaokimbilia krimu za steroidi. Mwasho hupoa, upele huendelea kuzaana chini kwa chini, na mwenye duka hupata mteja wa kudumu.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimwingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Watu zaidi ya milioni 200 wanaye wakati wowote ule, na bado anaitwa aliyepuuzwa. Unyenyekevu ulioje!

Adui yake mkubwa ni nyumba nzima kujipaka dawa usiku mmoja, shingoni hadi nyayoni, wanaowashwa na wasiowashwa, kisha kurudia baada ya wiki moja au mbili, nguo na mashuka yakifuliwa kwa maji moto. Kwa bahati yake, maji ni ya kununua kwa mtungi, tyubu moja hupakwa mtoto mmoja, na mjomba anayelala sakafuni anaapa kwamba yeye hawashwi.

Anzeni na mjomba. Na mwasho ukibaki wiki mbili hadi nne baada ya dawa, msishtuke: hubaki hata upele ukishakufa.