Jinsi ya Kuwa Bingwa wa Sinapsi Bila Kuiona Sinapsi

Rafiki yangu, umechagua kazi nzuri. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila moja huungana na nyingine kwa maelfu ya viungo viitwavyo sinapsi. Hakuna atakayezihesabu zote aje akusute. Mwingereza Charles Sherrington aliipa sinapsi jina mwaka 1897 bila kuiona. Hadubini za elektroni zilikuja kuionyesha katika miaka ya 1950. Yeye aliweza, wewe utashindwaje?

1. Pata seli. Chukua ubongo wa kijusi cha panya cha siku 18, toa hipokampasi, zitenganishe seli na uzimwage juu ya vipande vya kioo vilivyopakwa polilisini ili zishike. Ziweke kwenye inkubeta, nyuzi 37, kabonidayoksaidi asilimia 5, kisha subiri wiki mbili au tatu zikue na kuungana. Wiki hizo ni zawadi. Ukiulizwa unafanya nini, jibu, "Zinakomaa." Msimamizi gani atabishana na kitu kinachokomaa?

2. Ukungu ukiingia, usitaje glavu ulizosahau kuzipaka spiriti. Laumu inkubeta. Ni ya wote, kwa hiyo haina wa kuitetea.

3. Tia rangi. Kingamwili ya kwanza hushika protini iitwayo sinapsini, upande unaotuma ujumbe, nayo utaipa kijani. Ya pili hushika protini ya PSD-95, upande unaopokea, utaipa nyekundu. Zikipandana kwenye skrini hutokea njano, na njano ndiyo mshahara wako. Sasa sogea karibu nikunong'oneze. Mwanya wa sinapsi una upana wa nanomita 20 hivi, ilhali hadubini ya kawaida ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Kwa hiyo protini mbili zinaweza kuwa jirani tu, hazijuani kabisa, na skrini ikazitangaza zimeungana. Usiikosoe skrini. Wapo watakaokushauri upime umeme kwa sindano nyembamba ya kioo, ili ujue kama ujumbe unavuka kweli. Kazi hiyo hula siku nzima kwa seli chache, na seli hupenda kufa pale unapokaribia kumaliza. Waachie wenyewe.

4. Chagua pa kupiga picha. Hapa ndipo ubingwa ulipo, kwa hiyo usiharakishe. Kioo kimoja kina maelfu ya seli na wewe unahitaji picha chache. Fanya kama mama muuza nyanya anavyopanga fungu: zilizonona juu, zilizopondeka chini. Kwenye kioo kilichotiwa dawa unayoijaribu, tafuta seli yenye afya na matawi ya kujivunia, hata kama itakuchukua asubuhi nzima. Kioo cha kulinganishia kipige picha saa kumi na moja jioni, ukiwa na njaa. Mwenzako akijitolea kukufichia majina ya vioo ili usijue kipi ni kipi, mshukuru sana, mwambie utamwita. (Usimwite.)

Kisha njoo kwenye kizingiti. Programu itakuuliza mwanga uwe mkali kiasi gani ndipo ihesabu nukta. Sogeza kidogo, tazama grafu. Sogeza tena. Grafu ikishapendeza, toa mkono na uandike, "Kizingiti kimoja kilitumika kwa picha zote." Ni kweli tupu, kwani hakuna aliyeuliza kilichaguliwa lini.

5. Bado hakuna tofauti? Pima vitu 20: idadi ya nukta, ukubwa, mwanga, urefu wa matawi, chochote kinachopimika. Kwa kigezo cha asilimia 5, wastani wa kimoja kati ya 20 hupita kwa bahati tu, hata kama dawa yako ni maji. Kivishe nyota hicho, na utangulizi uandike upya kana kwamba ndicho ulichokitafuta tangu mwanzo. Tena hesabu kila seli kuwa jaribio linalojitegemea. Panya watatu ni aibu. Seli 300 ni sayansi.

6. Shangazi akipiga simu kuuliza kazi yako, mwambie unatafuta dawa ya kusahau. Panya usimtaje.

7. Usikubali kushindwa. Mwalimu wako hapa ni Camillo Golgi wa Italia. Mwaka 1873 alibuni njia ya kutia seli rangi nyeusi kwa madini ya fedha, seli chache tu zikajitokeza kati ya halaiki. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliichukua njia hiyo hiyo, akaona kila seli ni kitu kinachojitegemea. Golgi alishikilia kwamba zote ni wavu mmoja usiokatika. Mwaka 1906 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja, na Golgi akaitumia hotuba yake ya Stockholm kuishambulia nadharia ambayo mshindi mwenzake alikuwa ameitetea kwa miaka mingi. Jifunze hapo: ukikosea, kosea katika jambo ambalo chombo cha kulifichua hakijabuniwa. Golgi alifariki 1926, karibu miaka 30 kabla hadubini ya elektroni haijauonyesha mwanya kati ya seli na seli. Medali hakuna aliyemdai.